Mikeka ya Chisense Uwanjani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aibu! Jana wasichana wa Mansa wametufunga 52 kwa 19, hapahapa kwetu Nchelenge, mbele ya mke wangu na mbele ya wateja wangu. Leo sokoni nimeuza jozi mbili tu za viatu. Watu wanakuja mezani, wanashika kiatu, wanauliza mchezo ulikwendaje, wanarudisha kiatu. Wanajua vizuri sana ulikwendaje.

Na kuna barua. Kamati ya soko imeandika kwamba Jumamosi tarehe 28 mchana itapita kukagua viwanja vyote, na wetu wa mpira ukiwemo. Kila kiwanja kitabaki mikononi mwa yule watakayemkuta anakitumia. Basi. Ndiyo barua yote. Siku hiyohiyo tunacheza hapa na Puta, mabingwa wa Ligi ya Ziwa.

Uwanja wetu! Miaka kumi na moja iliyopita nilivuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, na begi moja na mpira mmoja wa kikapu. Ringi nilizitengeneza mwenyewe kwa chuma cha pipa. Mbao za nyuma ni za boti iliyokufa. Siwezi hata kufikiria pale pakiwa kitu kingine.

Mathilde, mke wangu, amesema si lazima tushinde, tuwepo tu. Hajui michezo. Baada ya 52, nani atakuja mazoezini? Wawili wameshaniambia wana malaria. Malaria ya siku moja!

Lakini nina wazo. Miaka miwili iliyopita Puta walikuwa wa mwisho, wabovu kuliko sisi. Leo ni mabingwa. Kwa nini niumize kichwa? Walipopita nitapita, kila mahali walipokanyaga nitakanyaga. Nashangaa hakuna kochi mwingine aliyefikiri hivi.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Puta. Kwa siri! Mfuko wa viatu begani, kofia hadi machoni. Mwanamke wa kwanza niliyekutana naye amenisalimia kwa jina: Kochi Zéphirin wa Nchelenge. Nimekana. Ameuliza kama ile 52 ni kweli. Nimesema mimi siye, na tena zilikuwa 50.

Nimefika uwanjani kwao wakati wa mazoezi. Sikuamini macho yangu. Uwanja umejaa chisense! Mikeka kila mahali, samaki wetu wale wadogo wa ziwani wameanikwa juani kutoka ringi hadi ringi. Na wasichana wa Puta wanadundisha mpira katikati ya mikeka, kwenye vinjia vyembamba kama vya panya, hawagusi hata samaki mmoja. Kochi wao, Roger, amesimama pembeni ameshika kichwa. Anafikiri. Kochi mkubwa.

Kumbe! Ndiyo siri yao. Nani mwingine angeigundua?

Muuza miwa mmoja amenipa yaliyobaki. Mwaka ule mbaya walifungwa michezo tisa mfululizo. Baadaye akaja Jessy, msichana mrefu ambaye hana haja ya kuruka. Basi njia ya Puta ni hii: samaki uwanjani, vipigo tisa, mtu mrefu. Sisi tayari tuna vipigo vinne. Tuko njiani!

Nimeuza pia jozi nne za viatu. Siku njema sana.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda pwani ya ziwa kumwona mkubwa wa waanika chisense. Anaitwa Bana Kapembwa, yaani mama yake Kapembwa. Wabemba humwita mama kwa jina la mtoto wake. Nimemwalika rasmi alete mikeka uwanjani kwetu. Kisha ameuliza kama nimekula asubuhi.

Nafasi ya kuanika pale pwani ni vita kila siku. Ameuliza mara tatu kama nasema kweli. Nimesema kweli. Halafu akaninyooshea kidole.

"Kochi, ukisha kutuita weye mwenyewe, usikuye kutufukuza."

Nimecheka. Nani atamfukuza?

Germaine hakucheka. Germaine ni kapteni wetu. Pia ni mdogo wake Mathilde, kwa hiyo siwezi kumwondoa kwenye timu bila kuondolewa nyumbani. Amekuja mezani kwangu kifua mbele.

"Shemeki, Puta ni Puta. Bale banacheza pamoja tangu batoto. Siye ba sasa tuko na miezi tatu tu. Acha mambo ya samaki, tujifunze kupitisha mupira."

Nimemwambia kila timu isiyo na kikombe huongea hivyo. Ameniuliza sisi tuna vikombe vingapi. Nimegeukia viatu. Kulikuwa na mteja.

Jumamosi, 14 Juni

Mikeka sita imefika. Mizuri, imenyooka. Nimeipanga mwenyewe kama nilivyoona Puta.

Mazoezi yamekwenda vizuri. Karibu vizuri. Princesse amekanyaga mkeka wa kwanza. Mimi (jina lake ni Mimi, si mimi mwenyewe) amekanyaga wa pili, na wa tatu, na alipogeuka kuomba radhi akaukalia wa nne. Mpira unanuka. Wasichana wananuka. Mathilde amesema na mimi pia. Puta nao lazima walianza hivi.

Hatua ya tatu pia nimeianza. Nimechora mstari wa chaki kwenye ukuta wa stoo, urefu wa Jessy kwa makadirio ya macho. Atakayefika kwenye mstari ataingia kwenye timu.

Kapembwa mwenyewe, binti wa mwenye mikeka, amekuja kujaribu. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza shule, kazi yake ni kulinda samaki wa mama yake wasichukuliwe na mwewe. Amesimama kwenye ukuta. Amefika pua ya Jessy. Nimemwambia kwa upole kwamba hafai. Ameuliza je, akiruka? Nimesema Jessy haruki. Amerudi kwenye kigoda chake. Nilimwonea huruma kidogo, lakini mpango ni mpango.

Jumapili, 15 Juni

Msiba! Tumeshinda!

Tulikwenda Mwansabombwe baada ya ibada. Nilikuwa nimepanga vizuri, nipate kipigo cha tano. Nilimweka Germaine benchi tangu mwanzo. Dakika ya kumi nikageuka kununua karanga. Kugeuka tena, Germaine yuko uwanjani! Amejiingiza mwenyewe! Anapitisha mpira, Princesse anapitisha, Mimi anapitisha, hakuna anayekaa nao. Mchezo wa haraka hivyo haujaonekana Puta hata siku moja.

31 kwa 30. Wasichana wanarukaruka, wanalia, wananikumbatia. Nimesimama kama nguzo. Puta walifungwa tisa mfululizo. Mfululizo! Sasa hesabu yangu imerudi sifuri.

Ndani ya gari nimewaeleza kwamba wamerudisha timu nyuma. Walikuwa wanaimba, sidhani kama walisikia.

Jumatano, 18 Juni

Nimempata mrefu! Chouchou, muuza mikate. Anainama kwenye kila mlango wa mji huu. Amepita mstari wangu wa chaki kwa vidole viwili. Nimempa jezi palepale.

Tatizo dogo. Mpira ukimjia, anafumba macho. Ukimkaribia zaidi, anakaa chini. Nimemwambia atazoea. Ameniambia hata mume wake alisema atazoea kuku, na mpaka leo anawaogopa.

Mikeka sasa ni thelathini na minane. Nilialika sita! Kumbe Bana Kapembwa ana dada, dada wana wakwe, wakwe wana majirani. Wameleta vigoda, mabakuli, redio, jiko la mkaa. Katikati ya uwanja wanapika nshima, ugali wa huku. Leo nilitaka kupita kwenda kwenye ringi yangu, mama mmoja akaniambia niende kwa kuzunguka. Kwenye uwanja wangu!

Nikamwambia Mathilde mambo yanakwenda kama Puta kabisa. Akasema usoni sionekani hivyo.

Jumamosi, 21 Juni

Mazoezi hakuna. Nilifika saa kumi alasiri, nikakuta mikeka hamsini na mbili na hakuna mchezaji hata mmoja isipokuwa Chouchou, na yeye alikuwa anauza mikate.

Timu yangu iko wapi? Mathilde ameponyokwa na neno kwamba Germaine hutoka nyumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi, na viatu vya michezo mkononi. Saa kumi na mbili! Saa hiyo mtu mwenye akili amelala. Nimeelewa mara moja. Germaine anafanya mazungumzo na Puta. Anataka kuhamia. Shemeji yangu mwenyewe! Nimekula kidogo sana leo.

Kelele pia zimeniumiza kichwa. Mwewe wamejua kuna samaki, wanashuka mmoja baada ya mwingine, na yule Kapembwa anaruka kuwapiga kwa kiganja. Pa! Anangoja, anamwangalia ndege, anaruka. Pa! Hakosi. Mara moja alimpiga mwewe juu kabisa, karibu na ringi, samaki akaanguka kwenye mkeka uleule alioibiwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa najaribu kufikiri ni wapi nitapata mchezaji wa kuzuia mashuti ya Jessy. Mtu hawezi kufikiri katika fujo kama ile.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda kwa Bana Kapembwa kumwomba Jumamosi aondoe mikeka. Mchana mmoja tu. Nilivua kofia.

Akasema awe. Hapana. Akasema samaki wakikaa siku moja bila jua wananuka, na Jumanne lori la Mansa linakuja. Akanikumbusha kidole chake. Ni kweli, alikuwa amenionya, na mimi nilicheka.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kwamba amesikia kamati inakuja, na anashukuru sana, maana kwa barua ile kiwanja kitakuwa chao. Akanishukuru mimi! Kwa mikono miwili, na kupiga makofi ya heshima, na kunipa bakuli la chisense.

Nimerudi nyumbani na bakuli. Nimekaa kwenye kiti sikuvua viatu. Nimeogopa. Naandika ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nilipofika nchi hii sikujua lugha ya mtu, sikuwa na meza sokoni, sikuwa na chochote. Nilidundisha mpira peke yangu kwenye lile vumbi, na watu wakaja. Mathilde alikuja. Germaine alikuja akiwa na miguu myembamba kama ya kuku. Wote niliowajua huku niliwajulia pale. Na mimi mwenyewe ndiye niliyewapa wengine, kwa mkono wangu, nikapanga hata mikeka.

Mathilde amekaanga wale chisense na nyanya. Aliniwekea sehemu kubwa.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepata njia! Mvua. Waanikaji wanakimbia mvua kuliko kitu chochote. Asubuhi nikapita kati ya mikeka nikisema kwa sauti ya kawaida kwamba redio imetangaza mvua kubwa kesho saa nane.

 Kisha mama mmoja akauliza: mvua, mwezi wa sita? Nikasema ndiyo, mawingu yanatoka Kongo. Wote wakaangalia upande wa Kongo. Anga ilikuwa safi kama sahani. Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kila nikipita sokoni sasa wananiuliza kama nimebeba mwavuli.

Jioni Germaine amepita kwangu. Ameniambia nilale vizuri, kesho nije na filimbi tu. Nimemuuliza waziwazi kama anahamia Puta. Amenitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa, akaondoka.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa saba Puta wamefika. Roger, Jessy, wote. Mikeka sitini imejaa uwanja mzima. Roger alipoiona, akasimama mlangoni akasema maskini, hata nyinyi? Nikadhani ananitania kwa vile nimegundua siri yake.

Saa nane kasoro, kamati. Watu watatu na daftari. Wakaangalia samaki. Mwenye daftari akafungua kalamu.

Ndipo Bana Kapembwa akasimama kutoka kwenye kigoda na kupiga makofi mara mbili. Akina mama wote wakainuka. Wawili wawili, wakashika mikeka pembe kwa pembe, wakaibeba na samaki wake hadi juu ya vibanda, juu ya mikokoteni, juu ya ukuta wa stoo. Uwanja ukawa wazi kabla mwenye daftari hajaandika neno. Nilisimama na filimbi mdomoni, sielewi. Nikamuuliza imekuwaje.

"Mutoto wangu anacheza," akasema. "Baliniambia jana. We mutu, haukujua?"

Na kweli! Germaine akatoka na timu, na nyuma yao Kapembwa, jezi namba saba. Kumbe kila asubuhi, kabla umande haujakauka na mikeka haijatandikwa, uwanja ulikuwa mtupu. Germaine aliwafundisha pale wiki mbili, na Kapembwa alikuwa anafika mapema na mikeka ya mama yake kichwani. Wakamtia mchezoni. Kochi tu ndiye alikuwa amelala.

Sasa mchezo! Jessy akanyanyua mpira wa kwanza bila kuruka, kama kawaida yake. Kapembwa akangoja, akamwangalia, akaruka. Pa! Wa pili. Pa! Akina mama wakaanza kulia kama mwewe, wakipunga vitenge. Germaine anapitisha, Princesse anapitisha, Mimi anapitisha. Nilisahau kupiga filimbi. Nilisahau vipigo tisa. Nilipiga kelele hadi koo likakauka. 44 kwa 41! Sisi ndio 44! Nimelia mbele ya watu wote na sioni haya.

Kamati wameandika hivi: asubuhi hadi saa tisa kiwanja ni cha samaki, kuanzia saa tisa ni cha mpira. Bana Kapembwa akasema ni sawa, alasiri jua limeshapoa. Uwanja umebaki!

Baadaye Roger akanivuta pembeni. Akasema ile mikeka kule kwao ni taabu ya miaka mitatu, kila wiki anawaomba wale akina mama waondoke, na wasichana wake wangeshinda zaidi kama wangekuwa na nafasi. Akasema siri yao ni moja tu, wamecheza pamoja miaka sita. Nikamkonyeza jicho. Akarudia, taratibu, kama mtu anayesema na kiziwi. Nikamkonyeza tena. Mimi pia ningeficha.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeuza jozi kumi na moja! Watu wanashika kiatu, wanauliza mchezo ulikwendaje, wananunua.

Nimekaa chini kwa utulivu nikaufikiria mpango wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Puta walitia samaki uwanjani, wakashinda. Sisi tumetia samaki uwanjani, tumeshinda. Je, bila samaki, Bana Kapembwa angekuja? Bila Bana Kapembwa, Kapembwa? Hata Germaine nilipomweleza hivyo alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema nilimkataa Kapembwa kwa chaki. Nikasema chaki ilikuwa kwa ajili ya Chouchou, kila mpango una sehemu zake. Akaondoka bila kuaga. Amechoka, amecheza sana Jumamosi.

Leo alasiri nilikaa uwanjani peke yangu kabla hawajafika. Vumbi linanuka samaki kidogo. Kapembwa alikuja wa kwanza, akaniuliza kama anaweza kuufuta ule mstari wa ukutani. Nikamruhusu. Aliruka na kuufuta kwa kiganja. Nilifurahi sana kumwona.

Sasa mbele. Hatuwezi kubaki hapa. Juu ya Ligi ya Ziwa wapo Mansa tu, wale wa 52. Mteja mmoja amenionyesha picha ya timu yao kwenye simu, wamesimama na kikombe. Nimeiangalia kwa makini, nimeikuza kwa vidole viwili. Nyuma ya ringi, kushoto, wazi kabisa: mbuzi wawili.

Jirani yetu ana mbuzi sita. Nimeshaongea naye, kesho asubuhi anawaleta uwanjani. Bana Kapembwa bado sijamwambia. Nataka iwe zawadi.